Walimu mlioko humu: tripu ya somo la mazingira na watoto wa darasa la tano, niwapeleke wapi?

mwl_wa_mbagala:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi nafundisha Sayansi shule ya msingi ya serikali huku Mbagala, darasa la tano, mikondo miwili, jumla wako tisini na kitu. Mada ya mazingira tunaifundisha ubaoni kwa kuchora, nyasi mshale swala mshale simba, watoto wanakariri na kwenye mtihani wanapata, lakini mtoe nje umuulize huyu panzi anakula nini na nani anamla, anakutumbulia macho. Mkuu wa shule kanipa ruhusa ya mdomo nipange tripu moja muhula ujao ila kasema wazi kabisa, hela hakuna na wazazi wasiumizwe. Stafu kuna mawazo matatu, hifadhi ya Mikumi, kisiwa cha Bongoyo na msitu wa Pugu Kazimzumbwi. Kuna mwingine kashauri tuwapeleke sehemu za mabembea na mabwawa ya kuogelea, hapo nilinyamaza tu. Mimi nataka wakirudi wawe wamejua kitu, siyo picha za kutuma kwenye grupu la wazazi halafu basi. Waliowahi kufanya naomba msaada, wapi, unaanzia wapi na vibali, na watoto wengi hivi unawamudu vipi. Karibuni.

Mzee wa Kona:
Mikumi mkuu, usijiulize mara mbili. Mtoto wa Mbagala anachora tembo tangu chekechea na hajawahi kumuona, mpe hata siku moja amuone tembo anavunja mti. Hayo ndiyo mazingira. Mengine mtayasoma darasani.

mama_wawili:
Mimi siyo mwalimu, naongea kama mzazi. Kabla ya kufikiria wapi, fikiria sisi tutaambiwaje. Shule aliyokuwa anasoma mwanangu wa kwanza walituma meseji saa tatu usiku, kesho leteni elfu ishirini na tano watoto wanaenda kusoma kwa vitendo. Wapi hakuna, wanarudi saa ngapi hakuna, gari gani hakuna. Nilimzuia, akalia wiki nzima, na bado sijutii. Tangu ile ajali ya basi la wanafunzi Karatu ya 2017 mzazi yeyote akisikia basi la wanafunzi na safari ndefu moyo unamdunda, usituone washamba. Barua ije mapema, iandikwe mnaenda wapi, mnaondoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi, anayesimamia ni nani na namba yake, mtoto aje na nini. Na mrudi kabla ya jua kuzama. Ukinipa hayo nasaini hata kama ni kwenda jalalani.

Halafu Mikumi kutoka Dar ni karibu kilomita 300, kwenda na kurudi siku moja na watoto wa miaka kumi na moja? Watamuona huyo tembo wakiwa wamelala.

Kaa Koko:
Mwalimu umekaa Mbagala halafu unauliza uwapeleke wapi?? Shuka Mtoni Kijichi hapo, kuna mkono wa bahari wa Mzinga na mikoko imejaa. Nauli ya daladala tu. Nimefanya kazi ya kupeleka wanafunzi kwenye mikoko miaka mingi, Kunduchi zaidi, kwa hiyo nisamehe nikiandika ndefu.

Kwanza ishu ya maji maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Usipange tarehe kwa kalenda ya shule, panga kwa mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, pwani yetu hii maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Huo ni muda wa shule kabisa, kama umetengenezewa wewe. Mnafika saa tatu maji yanaondoka, mnafanya kazi, saa sita kamili mtoto wa mwisho ametoka kwenye tope. Ukienda siku za maji mafu utakuta maji hayaendi mbali wala hayarudi, mnasimama pembeni mnaangalia majani. Kila siku inayofuata kupwa kunasogea mbele kama dakika hamsini hivi kwa hiyo basi likichelewa siku moja usiseme tutaenda Ijumaa saa ileile. Jedwali la maji mamlaka ya bandari wanatoa, siku hizi hata kwenye simu yapo, ila mvuvi yeyote pale atakwambia bila hata kuangalia simu.

Pili, watoto waende na swali moja, siyo ishirini. Mimi swali langu ninalolipenda ni hili: kwa nini mizizi ya mchu (aina mojawapo ya mikoko) inaota kwenda juu? Waache wenyewe waone. Chini ya mchu tope lote limechomoza vijiti vya urefu wa penseli, mamia, mtoto anadhani ni miche. Mwambie achimbe kidogo kwa kijiti afuate kimoja, atakuta kimeunganika na mzizi mrefu uliolala. Halafu anuse lile tope alilochimbua. Linanuka yai viza na ukishuka sentimita chache ni jeusi tii. Hapo ndipo unauliza, tope hili lina hewa? Hamna. Sasa mti utapumua wapi? Watoto wanabishana dakika kumi, usiwape jibu, kuna mmoja tu atasema "kwa hiyo mizizi inatoka nje kupumua" na wengine watapiga kelele kama amefunga goli. Mtoto aliyefika kwenye jibu hilo kwa pua yake mwenyewe halisahau.

Halafu wageuze jani la mchu walambe upande wa chini. Chumvi tupu. Siku ya jua kali unaiona kabisa imeganda vipunje vyeupe. Mti unakunywa maji ya bahari na chumvi unaitoa kwenye majani, wakati mkoko wenyewe, ile aina nyingine yenye jina hilohilo, unaizuia nyingi huko huko kwenye mizizi isipande. Miti miwili iko jirani, shida moja, njia tofauti. Hiyo ni sayansi ya darasa la tano na ni sayansi ya chuo kikuu vilevile.

Kamba: chukua kamba ya mita nne, funga fundo kila mita moja, unganisha ncha, watoto wanne kila mmoja anashika kona, tayari una mraba wa mita moja. Wanaweka karibu na maji wanahesabu matundu ya kaa, wanarudi nyuma hatua thelathini wanaweka tena wanahesabu, wanaenda hadi nchi kavu. Wanaandika. Namba zao wenyewe. Mkirudi darasani wanachora grafu na hapo mwalimu wa Hisabati naye umempatia kipindi. Wakihesabu wasimame kimya kwanza maana kaa wakisikia kishindo wanaingia ndani wote, halafu wanatoka mmoja mmoja, wale madume wenye gando moja kubwa wanaanza kulipungapunga. Hapo hata yule mtukutu wa nyuma anatulia.

Usalama sasa. Viatu vya kufunga, raba za zamani, siyo ndala maana tope linazinyonya na kwenye mizizi kuna chaza wanakata kama wembe. Mikoko ya karibu na mitaa ina chupa na takataka zinazoletwa na maji, kwa hiyo nenda mwenyewe kabla, siku ya maji kama hayohayo, ukachague kipande kisafi. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, isizidi. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, ongea na mwenyekiti na wale wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani) wakupe mtu anayeijua sehemu, mpe hata nauli. Mikoko ni hifadhi iko chini ya TFS (wakala wa serikali wa misitu) kwa hiyo andika barua kwao pia, na watoto wasikate hata tawi.

Bongoyo achana nayo kwa mara ya kwanza. Watoto tisini, boti, maboya ya kuvaa, wangapi wanajua kuogelea, utakuwa unahesabu vichwa siku nzima hutafundisha chochote.

Mzee wa Kona:
@Kaa Koko maelezo safi ila bado. Watoto wa mabosi wanaenda Serengeti na ndege, wa kwetu tuwapeleke Kijichi kunusa tope wanalolinusa kila siku? Kuna watoto hapo wanaishi humohumo.

Kaa Koko:
@Mzee wa Kona hoja yako naielewa na siyo ndogo. Tembo waende wakamuone, wakiwa sekondari, wakiwa na klabu ya Malihai (ile ya wanafunzi ya mazingira na wanyamapori), hela ikipatikana. Ila niambie, ndani ya basi Mikumi mtoto anafanya nini? Haruhusiwi kushuka, hagusi, hapimi, anaangalia kupitia dirisha la Kosta ambalo yeye kakaa siti ya katikati. Hao wanaoishi humo ndio watakuwa walimu siku hiyo, nimeona mara nyingi tu, mtoto ambaye darasani hafungui mdomo ndiye anayejua kaa koko anashikwaje asikubane na konokono wale wadogo wanapanda shina saa ngapi. Na wanapanda kabla maji hayajafika, hakuna aliyewaambia. Muulize profesa yeyote, bado ni swali zuri.

wa_Uroa:
Sisi huku Unguja skuli nyingi zinakwenda msitu wa Jozani, pana njia ya mbao inapita juu ya mikoko hivyo mwanafunzi hakanyagi tope, na kima punju utawaona njiani hata hukuomba. Kisiwa cha Chumbe nako wanachukua wanafunzi, wanawatia majini kwenye miamba wakiwa na maboya, lakini wanaanza na walimu kwanza, mwalimu anakwenda anafunzwa kisha ndio analeta darasa lake. Hili la mwalimu kwenda kwanza mimi nalitilia mkazo. Mwalimu anayeogopa kaa watoto wote wataogopa kaa.

Mkwale Halisi:
Salamu kutoka Kwale, Kenya. Mwalimu, hapa kwetu Gazi kuna mradi unaitwa Mikoko Pamoja, ulianza 2013, unauza kaboni, yaani watu hulipa ili mikoko iendelee kuhifadhi hewa ya ukaa, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda mikoko kama hekta 117 hivi na pesa inarudi kwa maji na shule. Kuna daraja la mbao la akina mama linaingia ndani ya mikoko, watoto wa shule huja kila mara. Sasa kile kitu kizuri ni kwamba watoto wa hapa wakipima mti, wanapima kwa sababu fulani, wanazungusha kamba kwa shina, wanaandika unene, na wanajua babake fulani hufanya kazi hiyohiyo kule mradini. Si mchezo wa darasa. Wewe ukiwa hapo Kijichi tafuta tu kitu kama hicho, hata kama ni kikundi cha kupanda mikoko, watoto wasifanye zoezi halafu karatasi zikatupwa.

Na pia usisahau ile mbegu ya mkoko! Inaota ikiwa bado imening'inia kwa mti, ndefu kuliko kalamu, ikianguka inajichomeka kwa matope ama inaelea kwenda mbali. Mpe kila mtoto ashike moja iliyoanguka, aipande hapohapo. Lakini ulizeni kwanza pahali pa kupanda, watu wengi hupanda mahali mawimbi yanapiga zinang'oka zote.

mluguru_asili:
Kwa wasio na bahari kama sisi Morogoro nitaongezea kitu maana naona uzi umekuwa wa watu wa pwani. Mimi nafundisha, tuna kijito kinashuka Uluguru, dakika ishirini kwa miguu. Vifaa vyote ni chujio la chai, sahani nyeupe za plastiki na kipande cha pazia la neti lililochakaa. Mtoto mmoja anashika neti upande maji yanakoelekea, mwingine anageuza mawe mbele yake, vinavyotoka vinaingia kwenye neti, mnamwaga kwenye sahani yenye maji kidogo na mnaangalia. Dakika ya kwanza watasema hamna kitu, subirini vitulie. Ukikuta vidudu bapa vyenye mikia miwili mitatu vinavyong'ang'ania mawe, maji hayo yana hewa nyingi na ni masafi. Ukishuka chini baada ya mtaa, mahali wanapooshea pikipiki na maji ya sabuni yanapoingia, unakuta ruba na vile viminyoo vyekundu tu. Watoto wanalinganisha sahani mbili, hakuna haja ya hotuba ya usichafue mazingira, wanaanza kulaumiana wenyewe nani baba yake ana kijiwe cha kuoshea.

ILA kichocho. Hili nasema kwa herufi kubwa. Maji yaliyotulia yenye majani na konokono mtoto asiingie, na nyie wa Mwanza na kanda ya ziwa kwa ujumla msije mkaiga hii ya kijito mkawaingiza watoto ziwani pembeni. Sisi wanaoingia ni wenye gambuti tu, tena juu kabisa maji yanakokimbia, wengine wanafanyia kazi kwenye sahani kando. Sabuni na ndoo ya maji ya bomba mnakwenda nayo.

mwl_wa_mbagala:
Aisee asanteni sana, sikutegemea. @Kaa Koko nimeenda Jumamosi Kijichi nikakuta kweli, na nilikuwa napita hapo kila siku kwenda kwa shemeji. Nina maswali. Moja, wale tisini. Mbili, wazazi wa huku nikiwaambia tunaenda mikoko watasema mwalimu kawapeleka watoto kuchezea tope na nguo za shule zikachafuka, hilo nalijua kabisa. Tatu mkuu wa shule anataka ripoti, sasa ripoti ya kunusa tope naiandikaje.

Kaa Koko:
Tisini usiwapeleke pamoja, hata uwe na walimu kumi. Bamvua linarudi kila baada ya wiki mbili, chukua thelathini, wiki mbili zijazo thelathini wengine, na kundi la pili liende na swali lililoachwa na la kwanza. Kundi la kwanza limekuta matundu mengi katikati kuliko pembeni? La pili likaangalie kama ni kweli. Unapata namba za siku tatu badala ya moja, na waliobaki wanabaki na mwalimu mwenzako wanachunguza mwembe wa shuleni, hapo hapo uwanjani, nani anaishi kwenye gome, nani kwenye jani, siafu wanapita wapi. Usiudharau mwembe.

Ripoti ndiyo hizo namba. Jedwali, grafu, na sentensi tatu za watoto kwa mwandiko wao, usizisahihishe sarufi. Wakaguzi wanapenda sana kuona mwandiko wa mtoto.

Nguo waje na za nyumbani.

mama_wawili:
Kuhusu wazazi nikusaidie mwalimu. Waite kikao kifupi, usiseme mikoko kwanza, sema nauli ni ya daladala na saa saba mchana mtoto yuko nyumbani. Baada ya hapo hakuna atakayekuuliza tope. Halafu omba wazazi watatu wanne waje kusaidia kusimamia, wanaokuja ndio watakaokutetea kwa wenzao. Na kama kuna mchango wowote hata wa mia tano upitie kamati ya shule na kibali cha juu, usipokee mkononi, utaingia matatani bure kwa nia njema.

Swali langu ambalo wanaume wote hapo juu hamjaligusa: choo. Wasichana wa darasa la tano wengine wameshaanza kuvunja ungo, huko kwenye mikoko wanaenda wapi?

Kaa Koko:
Kweli. Kunduchi tulikuwa tunaomba shule ya jirani, tunasimama hapo kabla na baada. Kijichi mwalimu aulize hilohilo, shule au msikiti au zahanati iliyo karibu, na aende na mwalimu wa kike, siyo hiari hiyo.

Mzee wa Kona:
Sawa, nimeshindwa kwa kura, tembo ngoja akae. Ila mwalimu kama unatafuta mtu mzima wa kuchunga kundi la kumi mimi niko Kibada, Alhamisi huwa sina kazi. Kwenye tope siingii, nitashika daftari.

mwl_wa_mbagala:
@Mzee wa Kona nakuja PM. Wakuu nimeangalia mwezi, bamvua la kwanza baada ya kufungua shule linaangukia Jumatano na Alhamisi, maji yamekupwa saa nne na nusu. Barua ya TFS naandika leo, kamati ya shule wanakaa Jumanne. Mwenye mfano wa barua ya kwa wazazi aniwekee hapa tafadhali, na kama kuna anayejua raba za mtumba za watoto kwa bei ya jumla pale soko la Karume aniambie, maana nusu ya darasa langu wana ndala tu.